Vistari Viwili Chini ya Kibanda

Jumatatu, 21 Aprili 1997

Shule imefunguliwa leo, muhula wa tatu, na mvua imetupokea mlangoni. Nimeanza kuandika kwa sababu moja tu: nyumbani hakuna wa kumwambia. Binti yangu Amira yuko Kigoma kwa shangazi yake tangu mwaka juzi. Mume wangu Massoudi alivuka kwenda Uvira mwezi wa tisa uliopita, kutengeneza lori la mtu, akasema atarudi Ijumaa. Mwezi uliofuata vita vikaingia Uvira. Sijapata barua wala salamu.

Ndugu zake wameshamsomea hitima. Walinijia wamevaa kanzu safi, wakataka nikae eda. Nikawaambia eda hukaa mjane, na mjane hayuko nyumba hii, waulize jirani. Nikafunga mlango. Tangu siku hiyo avenyu yetu yote hapa Buyenzi inanisalimia kwa mbali, kama mtu mwenye surua.

Karatasi hizi zimeharibikia kazini. Upande mmoja una uchafu wa mashine, upande wa pili ni wangu. Mimi ni daktilo wa kolegi, mpiga mashine wa shule ya sekondari, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mitihani yote ya shule hupita mezani kwangu: mwalimu anaandika kwa mkono, mimi napiga kwenye stensili, ile karatasi ya nta, kisha tunaizungusha kwenye ronewo inachapa. Kosa halitoki mezani kwangu. Walimu wenye diploma zao wananiletea Kifaransa kilichovunjika mguu, nami nakirudisha kikitembea, na sijawahi kudai shukrani.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Milio ya risasi kutoka milimani saa kumi. Ugali na ndagala.

Jumamosi, 3 Mei

Baada ya mvua hewa ilikuwa safi, na kutoka dirisha la ofisi nimeona milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa, wazi kabisa, hadi mikunjo yake. Nimeitazama mpaka perefe wa masomo, msimamizi wetu Bwana Népomuscène, akaniuliza kama mashine imeharibika.

Jumanne, 13 Mei

Leo nimesoma hisabati nikiwa na miaka arobaini na tatu. Mwalimu wangu ni Gélase, anayefundisha somo hilo darasa la saba hadi la kumi, peke yake, kwa kuwa wenzake wawili wameikimbia nchi. Anatoka Musaga kwa miguu tangu embargo ya nchi jirani ilipokausha petroli. Saa sita anakuja chumbani kwangu na kifurushi chake, mimi nafungua changu, tunakula pamoja. Yeye Mkristo wa rozari, mimi Mwislamu wa Buyenzi, na pilipili ni moja.

Nilimuuliza maana ya ile alama ninayoichora kwa mkono kwenye stensili, maana mashine haina. Mimi huiita kibanda: mguu mfupi, mguu mrefu, na paa linalofunika namba.

"Hiyo njo rasine," akasema. "Mama Amira, angalia hii sakafu. Ukitaka kupanga vigae kumi na sita, vitoke mraba, upande moja unaweka ngapi?"

Nikatazama sakafu. "Vine."

"Bon. Rasine ya kumi na sita ni ine. Umeona? Inauliza tu: huu mraba, upande wake ni ngapi?"

Ndivyo tu! Miaka kumi na tisa ninajenga vibanda bila kujua nani anaishi ndani. Kisha akasema, "Massoudi akirudi utamufundisha." Alisema akirudi. Katika mji huu mzima ni yeye peke yake anayemtaja mume wangu kama mtu anayekula na kulala mahali fulani. Nikainama nikajifanya natafuta chumvi.

Jumatano, 28 Mei

Mvua ya mwisho, nadhani. Perefe ametukusanya: stensili zimebaki kumi na mbili, wino chupa mbili, na atakayeharibu hata moja atafute kazi soko kuu. Alisema kwa wote huku akiniangalia mimi. Chaki nazo ni haba. Gélase ameacha kuandika mabano ubaoni, anasema mabano yanakula chaki, na wanafunzi wameshazoea.

Ameleta maharage na mafuta ya mawese, mekundu hasa. Jumamosi anafanya kozi, masomo ya ziada, nyumbani kwa mzazi mmoja, wanafunzi saba, na wazazi wao wanamtunza kwa chakula. Vyema. Mshahara wa mwalimu siku hizi hauishi hata kufika nyumbani. Nimekula mpaka nikaona aibu.

Jumatatu, 9 Juni

Vumbi limeanza. Milima ya Uvira haionekani tena, ziwa linaishia kwenye ukungu mweupe. Najua milima haijaenda popote. Moyo unanifanyia ukaidi tu.

Ameingia msichana wa darasa la nane, Médiatrice, kuomba karatasi mbovu za kufanyia mahesabu. Ana miaka kumi na saba na anakaa kwenye site ya waliokimbia makwao, hema moja na mama yake na wadogo zake wanne. Anarudia mwaka. Akianguka tena, hata katika hisabati tu, kanuni ni moja: nje, na hakuna shule nyingine itakayompokea. Nilimuuliza, ukitoka hapa utafanya nini? Akasema kuna askari mmoja anamuulizia kwa mama yake kila Jumapili. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Nikampa karatasi ishirini, na sabuni yangu ya kunawia.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepiga mtihani wa hisabati wa darasa la nane, wa Gélase. Swali la nne, alama ishirini, lina vibanda vitatu, nimevichora vizuri hata mwenyewe nimependa. Lakini mkono wa Mwalimu una kigugumizi! Ndani ya kibanda cha kwanza ameandika saba, kistari, kistari tena, halafu tisa. Cha pili: ishirini, kistari, kistari, tano. Cha tatu: moja, kistari, kistari, nane. Mtu amechoka na njia ya Musaga. Nimemtolea kimoja kila mahali: 7 − 9, 20 − 5, 1 − 8. Sitamwambia. Mwenye adabu hufagia bila kupiga kelele.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwita Gélase asome stensili kabla sijachapa, kama sheria inavyotaka. Akacheka mlangoni: "Kama ni we umepiga, mi nisome nini?" Nimetembea na hilo neno siku nzima.

Jumatatu, 23 Juni

Siku ya hisabati. Alfajiri kumepigwa upande wa Musaga na askari wamefunga barabara, kwa hiyo Gélase hakufika. Amesimamia mwalimu wa Kifaransa. Karatasi moja kwa wanafunzi watatu, kwa ajili ya uhaba, na mwisho zote zimekusanywa. Nilipopita dirishani nikamwona Médiatrice amenyoosha kidole. Mwalimu akamwambia, "Andika unachoona," akarudi kwenye gazeti lake.

Perefe ameniachia zile karatasi zilizokwisha kutumika. Migongo yake ni myeupe. Nitaandikia humo.

Jumanne, 1 Julai

Sikukuu ya uhuru. Gwaride. Sikwenda.

Jumatano, 2 Julai

Gélase amesahihishia chumbani kwangu, kwani ofisi ya walimu ina kelele. Alianza akipiga mluzi, akaishia ameshika kichwa.

"Swali ya ine wameanguka wote. Wote! Wanaandika 'impossible', wanakimbia. Mwaka muzima nimeimba mu masikio yao. Ni saba tu wamepata."

Nikampa chai. Nikamwambia watoto wa vita hawana masikio, wameyamalizia kwenye risasi. Akasema hilo halimsaidii, lakini chai akanywa. Mimi pia nilikunywa, nikawalaumu watoto pamoja naye kwa moyo mkunjufu kabisa.

Ijumaa, 4 Julai



Saa tatu ameingia Médiatrice, akasimama karibu na mlango.

"Madame, samahani. Mi naomba kuona ile karatasi ya maths."

"Karatasi zenu mmerudishiwa."

"Apana, si ya majibu. Ile ya maswali. Nimepata zero kwa swali ya ine, na nimefanya mara tatu. Sept moins neuf, saba toa tisa, ni moins deux, mbili ya chini ya zero. Na rasine ya moins deux haiko."

"Haiko namna gani? Umeitafuta ukaikosa?"

Hakucheka. "Haiko, Madame. Rasine ni namba inajizidisha yenyewe. Mbili mara mbili ni ine. Moins mbili mara moins mbili, ine tena. Hakuna namba inajizidisha inatoa moins. Kwa hiyo niliandika impossible. Mwalimu amekata, ameandika ine pembeni. Mi nataka tu kuona kama nilisoma mubaya."

"Umepata ngapi kwa jumla?"

"Arobaini na mbili."

Mtihani ni wa mia, nusu ni hamsini. Nikamjibu kwa ukali, Mungu anisamehe. Nikamwambia karatasi zilizopita mezani kwangu hazisomwi mara mbili, na kama ameanguka aangalie kichwa chake. Akasema, "Ndiyo, Madame," akatoka. Alifunga mlango polepole, na upole ule ndio ulionifanya nivute karatasi hizi kutoka mkobani na kugeuza moja. Swali la nne. 7 − 9, safi, limechapika bila doa.

Kisha nikafungua kabati, nikatoa mswada wa Gélase. Saba, kistari, kistari, tisa. Nikaikumbuka ile "ine" aliyoandika pembeni. Kama saba ukitoa tisa haina rasine, basi mwalimu aliona kitu kingine ndani ya kibanda, na kitu hicho ni kile nilichokifagia mimi.

Kistari cha pili hakikuwa kigugumizi. Kilikuwa na kazi yake. Sijui kazi gani, lakini kilikuwa nayo, na mimi nikakitupa kwa sababu nilijiona najua kuandika kuliko aliyeandika. Miaka kumi na tisa nimetembea kifua mbele kwa ajili ya ugonjwa huu. Msichana nimemfukuza mlangoni akiwa na haki yake mkononi.

Jumatatu, 7 Julai

Jumamosi na Jumapili nilizikaa kama mtu anayesubiri maiti. Leo saa sita nilikula na Gélase kwanza. Nilitaka tule kwanza. Kisha nikamuuliza, kama mwanafunzi, inakuwaje mtu aandike vistari viwili.

Akafurahi! Akasukuma sahani.

"Mama Amira, chukua kisima. Usawa wa chini ni zero. Ndoo imeanguka ndani, mita tisa: njo moins tisa. We umepanda juu ya tanki, mita saba. Toka kwa mukono yako mpaka kwa ndoo, kamba ni mita ngapi?"

"Kumi na sita."

"Hiyo njo sept moins moins neuf! Kistari ya kwanza inasema toa. Ya pili inasema ile tisa iko chini ya zero. Ukitoa kitu kiko chini, urefu unaongezeka, juu ya nini? Juu kamba inapita zero inashuka. Watoto wanaogopa kupita zero, wanasimama pale. Na rasine ya kumi na sita?"

"Ine," nikasema. Nikaweka karatasi iliyochapwa mbele yake, na mswada pembeni.

Alisoma. Kwanza alicheka, kicheko cha kweli, hata mabega. "Mama Amira! Umenilia vistari vitatu!" Nami nikacheka kwa kulia, kwa ule wepesi wa mtu aliyetua mzigo. Nikamwambia twende kwa perefe sasa hivi, swali lifutwe, mimi nipokee adhabu yangu. Alhamisi ndiyo baraza la walimu la kupitisha matokeo, bado kuna nafasi.

Alikuwa ameacha kucheka. Kidole chake kilikuwa juu ya 7 − 9.

"Tusiende," akasema.

"Juu ya nini?"

Akagonga ile 7 − 9 kwa kidole. Nikaangalia alipokuwa akiangalia, na polepole nikafika. Karatasi inasema saba toa tisa. Kutoka hapo hakuna binadamu anayeweza kupata nne. Ishirini toa tano, rasine haitoki namba kamili, na wale saba waliandika tano. Walipata nne, tano, tatu, majibu yote matatu, kwa maswali ambayo hayakuwa mbele yao.

"Wale saba ni wa kozi," nikasema.

"Niliwaonyesha mifano."

"Mifano ileile?"

Akakunja mswada, akaukunjua.

"Mama Amira, mi niko na watoto watano. Wazazi wale waliniambia, mwalimu, mutoto akianguka na kozi inaisha. Ile maharage unafikiri imetoka mu shamba gani? Ile mafuta? Musaga hakuna shamba yangu." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Na we umekula."

Nikasukuma kifurushi chake upande wake. Nikamuuliza na Médiatrice je. Akasema atamtafutia njia, ataongea na watu. Hakusema watu gani. Alikusanya karatasi zake, akaniachia mswada mezani, akasahau kijiko.

Jumanne, 8 Julai

Nimekula peke yangu.

Jumatano, 9 Julai

Peke yangu tena. Amepita mlangoni bila kugeuza shingo.

Nimelipima pande zote. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Stensili ilichomwa, sheria ndiyo inataka hivyo, karatasi zilizochapwa ninazo mimi, ni hizi, na mswada naweza kuupoteza. Kazi yangu inabaki. Gélase anabaki, na labda baada ya likizo atarudi na kifurushi chake, tutakula tukiongea mambo ya hewa. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wanasema wahenga. Mzaliwa nami ni nani hapa? Mama yangu yuko kaburini, ndugu wa Massoudi wananitaka mjane. Huyu ndiye niliyekula naye.

Nikisema, natoa kosa langu, na kosa lake linatoka nalo, siwezi kulivuta moja nikaliacha jingine. Sitajidanganya humu kwamba nitasema langu tu. Ninajua kitakachofuata. Na upande wa pili kuna msichana mmoja ambaye alisoma sawasawa, akajibu sawasawa, na Jumapili askari atakwenda kwa mama yake kuuliza.

Namchukia Médiatrice kidogo leo. Nimeandika ili nijue nimelisema.

Alhamisi, 10 Julai

Walikaa walimu kumi na mmoja, perefe kwenye kichwa cha meza, mimi pembeni na daftari la kunukuu. Darasa la nane lilifika saa tano. Bwana Népomuscène anasoma haraka kama anayesali: jina, alama, uamuzi. Alipofika kwake akasoma, "Médiatrice, hisabati arobaini na mbili. Anarudia mwaka. Nje." Kalamu yangu haikuandika. Alikuwa ameshaanza jina linalofuata.

Nikasimama. Katika miaka kumi na tisa sijawahi kusimama katika chumba kile ila kufungua dirisha.

"Monsieur le préfet, swali ya ine imeharibika. Ni mi niliharibu."

Nikaeleza. Sikumtazama Gélase. Niliposema vistari vitatu, mwalimu wa Kifaransa akacheka, perefe akamnyamazisha kwa mkono. Akataka kuona mswada, nikampa. Akataka karatasi iliyochapwa. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nakala tupu nilikuwa nimeziacha nyumbani, na mkobani sikuwa na hata moja ambayo haikuwa na mwandiko wangu mgongoni. Nikachomoa ya juu, nikampa bila kuchagua.

Alilinganisha. Kisha, kama mtu yeyote, akaigeuza. Ilikuwa ya tarehe 24 Juni. Siku hiyo nilikuwa nimemwandikia Massoudi kwamba nimeanza kuisahau sauti yake, kwamba nakumbuka maneno lakini sauti inayoyasema ni yangu, na mengine ya mke na mume. Perefe alisoma. Niliona macho yake yakishuka mstari kwa mstari hadi chini, walimu kumi na mmoja wakimsubiri. Akaigeuza tena taratibu, akaifunika kwa kiganja. Karatasi hiyo imebaki kwenye faili lake, ndiyo maana siku hiyo haimo humu.

"Merci, Madame Sijaona," akasema, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Swali tutaifuta. Tutahesabu kwa themanini." Akaandika. Arobaini na mbili kwa themanini inapita nusu. Nikaona mkono wake ukiandika *anapita*, nikakaa.

Alikuwa mwalimu wa hisabati zamani, perefe wetu. Nilikuwa nimelisahau. Akabaki na kalamu hewani, akiitazama orodha. "Mais, lakini," akasema. "Kuna saba wako na ine."

Nilikuwa nimejiapiza kwamba nikiulizwa nitasema, na nisipoulizwa nitanyamaza. Sikuulizwa. Gélase alisimama mwenyewe, akafunga kifungo cha koti.

"Ni mi. Niliwapa kwa kozi. Wenyewe hawakujua ni mtihani, niliwaambia ni mazoezi."

Akachukua mkoba wake akatoka. Hakuna aliyemzuia, wala mimi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepiga barua mbili. Ya kwanza ni onyo langu la maandishi, kwa kubadilisha mswada na kuharibu mtihani. Nimelipiga mimi, nikalitia sahihi mimi, nikaliweka kwenye faili langu mimi. Ya pili ni ya kumsimamisha Gélase kazi mpaka wizara iamue. Perefe alikuwa amekosea tarehe ya kuanza. Nikamrudishia kwa mkono, nikamuuliza kama ndivyo alivyotaka. Sikugusa kitu.

Médiatrice alikuja mchana. Nilifikiri anakuja kushukuru na nilikuwa nimeandaa la kumjibu, kwamba asinishukuru.

"Madame, wamesema nimepita."

"Nimesikia."

"Mwalimu Gélase hatarudi?"

"Sijui."

Akasugua mlango kwa kidole. "Ni yeye alinifundisha ile, kwamba rasine ya moins haiko. Nilikuwa sijui kitu mwaka jana. Darasa la tisa, maths, nani atatufundisha?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Kwa siku sita nilimfikiria yeye, na Gélase, na nafsi yangu. Sikufikiria kwamba mwalimu aliyebaki ni yule yule mmoja. Nikamwambia serikali italeta mwingine. Anajua kama ninavyojua.

Alhamisi, 17 Julai

Maulidi. Tangu alfajiri Buyenzi yote inasoma, dufu kila kona, watoto wamevaa vipya. Mlango wangu umegongwa mara moja, na mtu aliyekosea nyumba. Nikapika pilau, chungu kizima, kwa mikono iliyozoea kupikia watu. Kisha nikaitazama. Nikaitia kwenye bakuli kubwa la maua, nikalifunga kwa kitambaa, nikashika njia ya Musaga kwa miguu.

Sijawahi kufika kwake. Miezi yote ile ni yeye aliyetembea. Ni mbali, jua na vumbi, na askari kwenye kizuizi akanifungulisha bakuli akaonja. Nilijiambia maneno njiani: kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, kwamba nilikula nami pia, kwamba nilikuwa nimejiapiza kutomtaja nisipoulizwa. Niliyapanga nikayapangua.

Mlango ulifunguliwa na mke wake, Léocadie, mtoto mgongoni. Aliponiona alijua mimi ni nani. Hakunitukana. Alipokea bakuli kwa mikono miwili, akaita ndani. Gélase akatoka na sweta, ingawa ni mchana. Hakuwa amenyoa. Tukasimama uani, mimi na yeye.

Nikasema tu, "Mwalimu, nimekuja unisamehe."

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama anapopewa hesabu ambayo hajaiona.

"Kama ungenikosea, Mama Amira, ningekusamehe, ingeisha leo, tungekaa tukule. Lakini hukunikosea. Sasa nikusamehe nini?"

Aliuliza bila hasira, akisubiri jibu. Nilisimama pale mpaka Léocadie akaniletea kiti. Sikukikalia. Nikawaachia pilau, nikarudi Buyenzi kabla ya saa ya kuvrefe kufunga njia.